Mwenye Eda Haonyeshi Meno

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa sote. Mwanaima alilisikia la mkuu, tena la wakuu wote waliokuwamo nyumbani, na kilichovunjika ni jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza kumsumbua wiki ileile mumewe, Luqman, alipozikwa, na kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watu na vilio, aliona haya kulitaja. Luqman alikuwa fundi wa majokofu katika hoteli za Diani. Alitoka asubuhi na mkoba wake wa spana, mchana akarudishwa Mwabungo amelazwa, na watu wakaambiwa ni moyo. Tangu saa ile Mwanaima hakulia. Hakujizuia. Aliyangoja machozi kama mtu anavyongoja chafya, uso tayari na leso mkononi, na machozi hayakuja. Watu walimpa pole, akaitikia kuwa ameshapoa, na kwa kweli alikuwa amepoa kama chai iliyosahauliwa.

Bi Hanifa, mama mzaa Luqman, aliliona hilo mapema. Siku ya hitima akalisema, si kwa Mwanaima bali kwa wageni, kwa mnong'ono wake ule unaofika hadi barazani:

"Mkazamwanangu hana uchungu."

Mwanaima alilisikia. 

Eda ikaanza. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Hayo Mwanaima aliyajua na hakuyapinga. Lililomshinda kulijua ni dharura ya nyumba ile ilianzia wapi. Jino lilipouma aliambiwa atie karafuu, akatia karafuu. Lilipozidi aliambiwa asukutue maji ya chumvi, akasukutua mpaka ulimi ukawa kama samaki ng'onda. Alipotaja daktari aliambiwa asubiri, kwani mwenye kusubiri yuko pamoja na Mola wake. Akasubiri. Shavu likavimba hadi jicho likawa dogo, na wageni waliokuja kutoa pole wakamtazama kwa huruma, wakaambiana kuwa maskini, uso umemvimba kwa kulia. Siku hizo Bi Hanifa alimpenda sana. Alimpakulia yeye mwenyewe.

Kisha uvimbe ukapungua, ukaacha harufu mbaya kinywani, na Ijumaa moja, katika tonge la wali mweupe usio na hata kijiwe, gego likakatika vipande viwili. Mwanaima alitema kipande kiganjani akakitazama. Kilikuwa cheusi kwa ndani. Hakikumuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba hakikumuuma.

Asubuhi ya pili yake alivaa buibui, akajifunga mtandio mweusi, akatoka uani. Bi Hanifa alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Binti yake, Fauzia, wifi yake Mwanaima, alikuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenda wapi na mtandio?"

"Ukunda, kwa daktari wa meno. Jino limevunjika."

Mkono wa Bi Hanifa haukusita juu ya nazi. "Jino si maradhi, Mwanaima. Jino ni mfupa."

"Mfupa umeoza, mama. Maalim alisema siku ya hitima, mwenye eda akiugua huenda akatibiwa mchana akarudi. Sote tulimsikia."

"Maalim alisema akiugua. Na huyo daktari ni mwanamke?"

"Sijui."

"Hujui." Bi Hanifa aliinua kifuu akakigonga kwa kiganja, machicha yakadondoka. "Mwanangu hata udongo haujakauka, wewe wenda kumpanulia kinywa mwanamume usiyemjua. Mimi nilikaa eda ya baba yake Luqman, sikuonekana hata ukucha. Mama yangu alituambia: mwenye eda haonyeshi meno."

"Alikuwa na maana ya kucheka, mama," Fauzia alisema bila kuinua uso kwenye ungo.

"Nimekuuliza?"

Fauzia akarudi kwenye mchele wake. Mwanaima alisimama kidogo, akingoja akatazwe kwa neno moja lililo wazi, ili alivunje au alitii. Neno hilo halikuja. Akaaga, akatoka.

Kliniki ilikuwa mpya, ghorofani, juu ya duka la simu, na ngazi zake zilinuka rangi. Msichana aliyempokea alijitambulisha kuwa anaitwa Jemima. Kwa lafudhi yake alikuwa Mduruma wa huko Kinango, na alikuwa na mwanya uliompendeza, jambo ambalo Mwanaima aliliona ni tangazo zuri kwa duka la meno.

"Hii ni mara yako ya kwanza kwetu, dada?"

"Ni mara yangu ya kwanza popote."

"Basi usihofu. Mara ya kwanza kazi kubwa ni kutazamwa. Daktari atakuhesabu meno, atayapiga picha, atakueleza aliyoyaona, halafu mtakubaliana. Hakuna mtu atakayekurukia na koleo. Huo mlio unaousikia ni wa fundi wa aluminiamu hapo nyuma, si wetu."

Kisha akamuuliza maswali huku vidole vikicheza juu ya kompyuta. Ana presha? Hana. Sukari? Hana. Kuna dawa inayomdhuru, inayomwasha au kumvimbisha? Haijui. Anatumia dawa gani kwa sasa?

"Karafuu."

Jemima alicheka kidogo, akaandika. "Una mimba?"

"La." Hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi tangu mazishi, na wote waliouliza walitaka jibu jingine.

"Na likitokea jambo, tumpigie simu nani?"

Mwanaima akataja namba. Ilimtoka yote bila kufikiri, tarakimu baada ya tarakimu, na Jemima alikuwa amekwisha kuiingiza kabla yeye mwenyewe hajatambua kuwa ni namba ya Luqman. Simu yenyewe ilikuwa ndani ya kabati, imezimwa, imefungwa katika shuka.

"Jina lake?"

"Luqman."

"Ni nani wako?"

"Mume."

Hakuisahihisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama picha ya jino kubwa lililochorwa ukutani likitabasamu, jino lenye meno yake lenyewe, akangoja kuona kama jambo lile litamfanya chochote. Halikumfanya.

Daktari alikuwa mwanamume. Kijana mrefu wa bara, mpole, mwenye barakoa iliyoficha uso wote isipokuwa macho, na alimwamkia kwa kumshika mkono kabla hajajua la kufanya na mkono huo. Alimwambia aketi. Kiti kikalala chali pamoja naye, taa ikashuka juu yake, Jemima akasimama upande wa pili na akabaki pale muda wote. Mwanaima alishukuru kwa hilo. Alilala huku ameshika ncha za mtandio wake kwa mikono miwili.

"Sasa mama, fungua mdomo."

Mdomo haufunguliwi, aliwaza Mwanaima, kwani una kufuli? Kinywa ndicho kinachopanuliwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na kusahihisha kulikuwa kumemwingia damuni. Lakini alipanua. Kioo kidogo chenye mpini kikaingia, kikafuatwa na kichuma chembamba, na daktari akaanza kuhesabu kwa sauti, Jemima akiandika. Hesabu ile ilikuwa ndefu na ya kutuliza. Hakuna aliyewahi kumhesabu hivyo, jino mojamoja, bila haraka.

"Meno yako iko sawa sana, mama. Umeyatunza. Ni huku tu chini."

Yako sawa, aliwaza Mwanaima.

Wakampiga picha ya eksirei kwa kumng'atisha kikaratasi kigumu, na baada ya muda mfupi taya lake likatokea kwenye skrini, jeupe na jeusi kama usiku wa mbalamwezi. Daktari akalielekezea kidole.

"Hii jino imekufa."

"Hili," alisema Mwanaima. Lilimponyoka.

"Eeh, hiyo. Imekufa kitambo. Unaona huu weusi chini ya mzizi? Ni usaha. Neva ikishakufa, uchungu inaisha, mtu anafikiria amepona. Kumbe kule chini inaendelea kuoza tu."

Mwanaima alitazama ule weusi. "Kwa hiyo kutosikia kitu si kupona."

"Si kupona. Hata ni mbaya zaidi." Akasogeza kidole. "Lakini angalia hii jirani yake. Iko na shimo, lakini iko hai. Leo tunaweza kung'oa ile imekufa. Hii nyingine nitaiziba ukirudi, wiki ijayo, fizi ikishatulia. Ikikaa mwezi mbili, mwezi tatu, itafuata mwenzake. Si umenielewa?"

Alimwelewa. Miezi miwili, mitatu, ndiyo iliyosalia ya eda. Kama leo ni makosa, basi wiki ijayo ni makosa pia, na jino lililo hai litakufa likimngoja Bi Hanifa aridhike. Alilala pale akalipima jambo hilo kwa utulivu, kama anayepima kitambaa cha mtu mwingine.

"Ng'oa," alisema. "Na wiki ijayo nitakuja."

Daktari akamwonya kuwa atamdunga sindano ya ganzi, kwamba atasikia kama ameumwa na siafu, kisha basi. Kweli siafu akauma, akaacha. Tone la dawa likateleza kutoka ufizini likamfikia nyuma ya ulimi. Lilikuwa chungu. Lilikuwa chungu kama majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na alikunja uso.

Wakangoja. Daktari akagusagusa kwa kichuma.

"Unasikia uchungu?"

Mwanaima alijichunguza. Kichuma hakukisikia kabisa. Kilikuwa kama kinagusa jino la jirani. Lakini uchungu ulikuwapo, umetanda ulimini mpaka kooni. Na yeye ni mtu wa Mwabungo, aliyezaliwa katika lugha ambayo uchungu ni wa shubiri, au wa mwanamke anayezaa, au wa aliyefiwa. Jino huuma. Jino lina maumivu. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa lina uchungu.

"Nasikia," alisema.

"Pole sana. Wacha niongeze kidogo."

Siafu wa pili hakumwona. Ila tone jingine lilimwagika, na uchungu ukaongezeka maradufu. Mdomo wa chini ukaanza kumtoka, ukawa mnene, ukawa wa mtu mwingine. Nusu ya ulimi ikalala.

"Sasa je? Bado unasikia uchungu?"

"U'ezidi," alisema Mwanaima kwa ukweli wote.

Daktari na Jemima wakatazamana. Akadungwa ya tatu. Sasa shavu lote lilikuwa limeondoka, na sehemu ya kidevu, na hata sikio lilikuwa kama linasikiliza kutoka chumba cha pili. Katika ukimya ule wa nyama Mwanaima alijikuta yu mahali anapopajua. Hivi ndivyo alivyokuwa tangu siku ile waliporudisha mkoba wa spana. Tofauti ni kwamba leo ilikuwa upande mmoja tu.

"Unasikia?"

Akatikisa kichwa kuitikia.

Daktari akavuta kiti chake nyuma. "Hii usaha ndiyo inakataza ganzi kushika. Inatokea. Siwezi kukung'oa kama unasikia uchungu, mama, sitaki kukutesa. Nitakupatia dawa umeze, urudi siku kumi tujaribu tena."

Mwanaima alijaribu kuketi. Kurudi na jino lililokufa kinywani, baada ya kutoka mbele ya nazi ile na ungo ule. Kurudi mikono mitupu, ajieleze. Alisema maneno mengi kwa pamoja na hakuna lililotoka likiwa neno. Aliusukuma mkono wa daktari aurudishe kinywani mwake.

Jemima ndiye aliyeinama. Alimtazama usoni, akatazama ulimi wake uliokuwa ukilambalamba midomo, akauliza polepole:

"Dada, huo uchungu. Ni uchungu wa kuuma, au uchungu wa shubiri?"

"Shu-hiri," alisema Mwanaima.

Jemima aliweka chini bomba la kufyonzea mate, akageukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Nini?" aliuliza daktari. "Amesema nini?"

"Daktari, dada haumwi. Anasema dawa yako ni kali ulimini. Huku kwetu ukitaka kujua kama mtu anaumia, muulize, 'Waumwa?' Uchungu ni wa kuonja. Umemdunga mpaka sikio kwa sababu dawa si tamu."

Daktari alivua barakoa apate kucheka vizuri, na Mwanaima akauona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na meno mabovu ya mbele, kahawia, ya watu waliokulia kwenye maji ya chumvichumvi ya bondeni huko bara. "Aki nimekosa," alisema. "Mama, unaumwa?"

"Siu'wi."

Koleo likaingia. Alisikia kishindo ndani ya fuvu, mkwaruzo, kama kabati linalosogezwa nyumba ya pili, kisha jino likawa juu ya sahani ya chuma, limelala kwa ubavu.

"Umeona?" alisema daktari. "Hakuna uchungu."

Mwanaima alilitazama jino. Mtu amesema hana uchungu, na safari hii ilikuwa pongezi.

Wakamwekea pamba, wakamwagiza aing'ate mpaka damu ikome, asisukutue leo, asile cha moto, asinyonye mrija, asiseme sana. Jemima akamshika mkono mpaka mlangoni na kumwandikisha Jumamosi ijayo, asubuhi. Chini ya ngazi, kioo cha duka la simu kilimwonyesha alivyokuwa. Mdomo wake upande wa kushoto ulikuwa umelegea na kuanguka, na kwa sababu hiyo upande wa kulia ulionekana umepanda. Alijaribu kuushusha. Hakujua vishikio vyake viko wapi. Ilikuwa ni sura ya mwanamke anayekumbuka kichekesho.

Nyumbani palikuwa na wageni. Jamaa wa Kikoneni walikuwa wamefika na mihogo na kuku wawili, wakiongozwa na Husna, shangazi wa marehemu Luqman, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na maneno mengi. Walikuwa wamekaa mkekani sebuleni pamoja na Bi Hanifa, na mahali pa mjane palikuwa wazi.

Mwanaima aliingia. Mazungumzo yakakatika.

"Anacheka?" aliuliza mmoja wa wanawake wa Kikoneni, kwa sauti ya chini.

Bi Hanifa alimtazama mkazamwana wake kwa muda. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na tangu mazishi alikuwa akipungua kila wiki, shingo yake ikiogelea ndani ya leso. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa yeye alilia kila siku, kwa zamu za swala.

"Wageni wametoka Kikoneni alfajiri," alisema. "Wamekuja kumpa pole mjane wa mwanangu. Nimewaambia mjane ametembea. Wameniuliza, ametembea wapi? Nikaona haya, nikasema sijui. Mimi, Hanifa, nimesema uwongo kwenye msiba wa mwanangu. Na wewe waja watutolea meno."

"Mama, ni ganzi," Fauzia alisema mlangoni. "Ukidungwa uso hupinda."

"Sikatai ni ganzi. Mimi nasema alikwenda." Akamgeukia Mwanaima. "Sitaki makubwa. Mbele ya shangazi yake Luqman, niombe radhi, useme ulikosa kutoka, tuyafunge. Mimi ni mtu mzima, nina msiba, sina nguvu ya kuyabeba haya."

Mwanaima hakumchukia. Angekuwa na hisia yoyote siku ile, labda ingekuwa huruma. Lakini alijua anachoambiwa akiseme, na alijua kitakachofuata baada ya kukisema. Alisogeza pamba kwa ulimi wake mzito, akanyoosha mgongo, na akasema, kwa adabu na kwa ukamilifu, kwamba haombi radhi, kwa sababu hakukosa.

Alichosema kichwani kilikuwa hicho. Kilichotoka, kupitia pamba na nusu ya ulimi na midomo isiyokutana, kilikuwa ni mvumo mrefu, mate kidogo yenye damu, na katikati yake neno moja safi: radhi.

Sebule ikashusha pumzi.

"Ameomba," alisema Husna. "Alhamdulillahi. Ameomba radhi, maskini, na kinywa chake hivyo."

"Nimekuwia radhi, mwanangu," alisema Bi Hanifa, akajifuta macho kwa leso. "Mola akuwie radhi na yeye. Yamekwisha. Hutatoka tena mpaka eda iishe, na wala sitakukumbusha. Nenda kalale."

Mwanaima alitikisa kichwa kukataa. Wakaona ni unyenyekevu.

Alilala chali chumbani, upande wake wa kitanda. Fauzia akaja akaketi ukingoni na bilauri ya maji ya baridi.

"Umefanya vyema, wifi," alisema. "Nilidhani utashindana naye. Sasa kumetulia. Amekunywa hata uji."

Mwanaima alimwonyesha kwa kidole: la. Akajionyesha kinywa. La.

"La nini?"

"Siku-o'a."

"Hukuoga?"

Mwanaima akafumba macho.

"Ah." Fauzia aliweka bilauri chini. Alikuwa mwepesi, ila hakupenda kuwa mwepesi nyumbani kwao. "Hukuomba." Akatazama mlango. "Sasa wifi, sikiza. Hilo nilijualo mimi na wewe, je, lazima walijue wao? Wewe wajua hukuomba. Mama adhani uliomba. Kila mtu ana lake. Nyumba imelala."

Ni kweli nyumba ilikuwa imelala. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Bi Hanifa akisimulia Luqman alivyokuwa mtoto, alivyofungua redio ya baba yake akashindwa kuifunga, na wageni wakicheka kidogo kile kicheko cha matangani. Ingekuwa rahisi mno. Hakutakiwa kufanya lolote, ila kulala. Kulala alikuwa fundi wake. Alikuwa akilala hivyo tangu mazishi, watu wakimsomea wanachotaka usoni, naye akiwaacha.

Baada ya Alasiri ganzi ikaanza kuondoka. Iliondokea kidevuni, ikapanda. Mahali ilipotoka paliwasha, kisha pakapwita, kisha shimo lile likaamka na kupiga kama ngoma ya arusi ya jirani. Maji yakamjaa macho yakashuka mashavuni, na shavu la kushoto likayasikia yakipita.

Fauzia, aliyekuwa bado ameketi, akamshika mguu. "Afadhali," alisema polepole. "Afadhali unalia, wifi. Nimwite mama akuone?"

"Usimwite," alisema Mwanaima. Neno lilitoka likiwa na herufi zake zote. "Ni jino."

"Hata kama ni jino."

"Ni jino, Fauzia. Nikimlilia ndugu yako nitamlilia yeye, sitamlilia na gego."

Aliketi. Akatema pamba kwenye karatasi, akafuta uso vizuri mpaka ukakauka, akajifunga mtandio. Ulimi wake aliuzungusha kinywani. Ulipita juu ya lile jino lililo hai, ukakuta shimo lake dogo, na jino likashtuka kwa uchungu wa kibara. Akatoka.

Wageni walikuwa wakijiandaa kuondoka. Bi Hanifa alikuwa akimfungia Husna biskuti za watoto ndani ya mfuko. Alipomwona Mwanaima amesimama na uso ulionyooka, akafurahi kweli, na furaha hiyo ilimzidishia Mwanaima uzito, maana ilikuwa ya kwanza kuiona tangu msiba.

"Umeamka, mwanangu. Njoo uwaage wenzio."

"Nimekuja kuwaaga, mama. Na kuna neno lilipotea mchana, nimekuja kulirudisha."

"Neno gani?"

"Mlisikia 'radhi'. Mbele yake palikuwa na 'siombi'."

Husna alishusha mfuko. Mwanamke mmoja wa Kikoneni akasema astaghafirullahi, akaketi tena ili asikose lolote.

"Sikusikia hivyo," alisema Bi Hanifa.

"Najua hukusikia, mama. Kinywa changu hakikuwa changu. Sasa kimerudi."

"Nimekwisha kukuwia radhi, Mwanaima. Nimekwisha kusema mbele ya watu."

"Umeniwia bure. Niliumwa, nikaenda kutibiwa mchana, nikarudi. Jumamosi nitakwenda tena, kuna jino jingine bado li hai. Nitakuaga kama nilivyokuaga leo."

"Na Luqman?" Bi Hanifa aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. "Huna hata haya ya Luqman?"

Mwanaima alifikiri. Alilitafutia swali lile jibu la kweli, akakuta mahali pake bado pamekufa ganzi, na hakutaka kumtungia mzee yule jibu la uwongo.

"Luqman angenipeleka yeye mwenyewe," alisema.

Fauzia alikuwa amesimama nyuma yake, karibu, mkono ukiwa umegusa buibui lake au labda ukiegemea kizingiti. Husna akajaribu, kwa wema wake: "Basi, mwanangu, neno moja tu. Kwa ajili ya mama yako huyu, mtu mzima. Sema samahani, hata ya mdomoni, nasi twende zetu na nyoyo safi. Inakugharimu nini?"

"Jino, shangazi," alisema Mwanaima. "Siombi."